Saa Isiyo na Kioo

Kama mbingu zingekuwa na ofisi, asubuhi ile ningekwenda kugonga meza ya mtu. Tangu tushuke kwenye ndege tulikuwa hatujaona chochote ila ukungu, mvua na kisogo cha dereva. Vijitabu vyote vilisifu nchi ile: milima, ziwa, miji ya mawe iliyojengwa kabla babu wa babu zetu hajazaliwa. Nilichokiona mimi ni vioo vya gari vilivyojaa mvuke.

"Utabiri unasemaje?" baba aliniuliza, huku akimega mkate wake kwenye chumba cha kulia cha nyumba ya wageni.

Utabiri ni mimi. Alinibandika jina hilo siku ya kwanza, aliponisikia nikinung'unika na simu kila baada ya dakika mbili tatu.

"Mawingu. Mchana huenda jua likatoka kidogo."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Jana ilidanganya simu. Si mimi."

Akacheka. Mimi nilishindwa, maana kesho yake tulikuwa tunarudi nyumbani.

Baba yangu ni fundi saa. Ametengeneza saa kwenye chumba kimoja kidogo, mlango ukitazama barabara, tangu kabla sijazaliwa. Ukutani, juu ya meza yake, kuna kalenda aliyopewa na muuza vipuri. Mwaka wa kalenda ile ulikwisha zamani, lakini picha yake hakuiondoa: mnara wa saa kando ya ziwa, uso wa buluu, mishale ya dhahabu, jogoo wa shaba kileleni. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mahali tulipowahi kuishi, kwa jinsi alivyokuwa akiutazama. Kisha presha ya macho ikamwanza. Mwanzoni alilaumu taa, baadaye akalaumu sindano kwamba siku hizi wanatengeneza zenye matundu madogo. Tulipomfikisha kwa daktari, alikuwa anauona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari akaniita pembeni, akaniambia dawa ya matone itachelewesha tu, haitazuia. "Kama kuna kitu anatamani kukiona," alisema, "msingoje."

Nami kazi yangu ni kupanga ratiba za mabasi. Usinipe neno kama "msingoje" ukatarajia nilale. Niliomba likizo, nikatafuta safari ya kwenda kwenye mnara ule, nikapanga kila kituo. Baba anaishi kwa kaka yangu, mimi niko mji mwingine, kwa hiyo yote niliyapanga kwa simu, tukakutana uwanja wa ndege. Jambo moja tu sikuweza kulipanga, nalo ndilo lililokuwa linatuchezea shere.

Baba alitoa saa yake mfukoni, akaishika kiganjani, akasema tunachelewa. Ndipo nilipoona kwamba haina kioo. Mishale ilikuwa wazi kabisa, na kidole gumba chake kilikuwa juu yake.

"Baba! Kioo kiko wapi?"

"Kilivunjika."

"Na wewe fundi saa unatembea na saa ya namna hiyo? Watu watasemaje?"

"Mganga hajigangi, mama," alisema, akairudisha mfukoni. Nikamwambia saa itaingia maji, hasa katika nchi hii. Akanijibu kwamba itakauka.

Safari yetu ilikuwa ya gari dogo: sisi wawili, maharusi wawili waliopiga picha hata vikombe vya chai, na dereva ambaye pia ndiye aliyekuwa mwongoza watalii. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi na hakuna hata moja lililonituliza.

"Wanasema siku njema huonekana asubuhi," alitangaza akiwasha gari. "Huku msiamini. Huku haionekani asubuhi wala mchana. Unaikuta ukiwa umeshafunga begi."

Maharusi walicheka. Mimi nilimwuliza kama barabara ya mlimani iko wazi. Alisema iko wazi hadi adhuhuri, labda na kidogo zaidi, kisha kuna hatari ya maporomoko, hivyo saa ikishagonga tu lazima tuondoke. Nikaanza kupiga hesabu kichwani: kufika, kuegesha, kutembea, ukungu kuondoka. Ukungu ndio niliokosa pa kuuweka.

"Dada," dereva alisema, akinitazama kwenye kioo, "kuhusu ule mnara wa mzee, juzi nilitaka kukuambia..."

"Ndugu yangu, usinizungumzie mnara. Nizungumzie ukungu."

Akarudisha macho barabarani. Maharusi wakatazamana, kama kusema huyu ana gubu. Ni kweli, nilikuwa nalo.

Tulipofika bondeni, jua lilichomoza ghafla. Kulia kwetu pakatokea daraja la mawe lenye matao matano, maji meupe yakipita chini. Nilipiga kelele kama mtoto. "Baba, daraja! Tazama daraja!" Akageuza uso dirishani. "Zuri sana," akasema. "Waliolijenga walikuwa na subira." Moyo wangu ukatulia. Kabla sijatoa simu kupiga picha, mvua ya mawe ikaanza kugonga bati, na daraja likapotea kama halijawahi kuwapo. Lakini alikuwa ameliona, nikaliweka hilo moyoni kama akiba.

Kwenye ngome ya zamani tulisimama kwa muda mfupi. Ngazi zilikuwa zimelowa. Baba alinishika kiwiko kwa nguvu mpaka kikaniuma, nikadhani anaogopa utelezi. Akapapasa ukuta kwa kiganja kizima, akasema mawe haya yamelainika kwa mikono ya watu. Kisha akajikwaa kwenye ngazi ya mwisho, karibu anivute tuanguke wote.

"Baba, angalia unapokanyaga!" nilimfokea mbele za watu.

"Haya, mama," alisema. "Nitaangalia."

Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyostahili. Lakini nilikuwa natazama mlima, ambako wingu jipya lilikuwa linateremka, na sikuwa na nafasi ya kusikia.

Tulifika ziwani muda mfupi kabla ya adhuhuri. Sikuliona ziwa. Kulikuwa na barabara ya mawe, duka la kofia lililofungwa, ukuta mfupi wenye benchi, na baada ya ukuta, weupe wa ukungu tu. Dereva alituonyesha kwa kidole: mnara uko pale, ng'ambo ya hiyo ghuba ndogo. Akaenda kuegesha gari. Maharusi walikimbilia mkahawani kuota moto. Nikamkalisha baba kwenye benchi, nikamfunga skafu yangu shingoni, nikasimama mbele ya ule weupe kama mtu anayedai haki yake.

Nilimwomba Mungu kwa lugha ya kazini: dakika kumi tu, hata tano. Nilifikiria safari ya kurudi, baba akikaa tena chini ya kalenda yake hadi siku tundu la ufunguo litakapozibwa, na mimi nikijua kwamba nilimvusha dunia nzima kuja kumwonyesha mvua.

"Kaa chini, Utabiri," alisema baba. "Subira yavuta heri."

"Hiyo heri yenyewe imekwama kwenye ukungu."

Upepo ukaja. Kwanza niliona maji, ya kijivu, karibu na miguu yetu. Kisha paa moja, kisha mapaa mengi mekundu. Jua likatua usoni kwangu, la joto kweli, na weupe ukapasuka kuanzia juu hadi chini.

Mnara ulikuwa pale. Ulikuwa umezungushiwa mabomba ya chuma na mbao za mafundi, na juu ya hayo yote wavu mzito wa kijani, kuanzia kwenye msingi hadi kileleni. Hakukuwa na buluu wala dhahabu. Hata jogoo alikuwa ndani ya gunia.

Nilisimama nikitafuta maneno ya kumwambia, na kila neno nililolishika lilikuwa na makali.

Nyuma yangu baba alisimama. Alikuwa ameinua uso kulipokea jua, akitabasamu.

"Ndio ule," alisema. "Tazama, mama. Tazama ile buluu. Na mishale inavyong'aa, utadhani imesuguliwa asubuhi hii. Jogoo yule pale. Nilijua tu, picha haikuutendea haki."

Nikamgeukia. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama maji matupu, mbali na mnara. Jua lilikuwa linayapiga moja kwa moja na hakupepesa.

Dereva alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye maegesho, mkono kifuani, ameshaanza kuomba radhi. "Mzee, samahani sana, ndilo nililotaka kumwambia dada tangu juzi, huu mnara wame..." Nilimnyooshea kiganja. Alinitazama mimi, akamtazama baba, akameza maneno yaliyobaki. Akarudi alikotoka polepole.

Kutoka ndani ya wavu, saa ikaanza kugonga. Ilikuwa sauti nzito iliyopita juu ya maji. Baba alitoa saa yake, akaigusa mishale kwa kidole gumba, kwa wepesi, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

"Inachelewa," alisema kwa furaha. "Kubwa hivyo, na inachelewa."

"Baba. Kioo hakikuvunjika."

Kidole gumba kilibaki juu ya mishale.

"Ulikitoa mwenyewe. Tangu lini?"

Aliirudisha saa mfukoni, akatafuta benchi kwa mkono, akaketi. "Wiki ile niliyokupigia nikakuambia matone yanasaidia. Niliamka, nikamwambia wifi yako afungue madirisha. Akaniambia yako wazi."

"Na wote mkajua, mimi nisijue?"

"Niliwakataza."

Hasira ilinipanda hadi machoni, ikafika pale ikageuka maji. "Kwa nini? Tungeahirisha! Tungebaki nyumbani!"

"Ndiyo sababu," alisema. "Ungebaki nyumbani. Ungenipangia ratiba ya kunywa uji. Mwanangu, hujawahi kuomba likizo tangu uajiriwe. Kila jioni ulikuwa unanipigia kunisomea habari za ziwa hili mpaka salio linakatika. Nikasema, mimi macho yameshakwenda. Acha niende nikamsikilize mwanangu akitazama."

"Na daraja?"

"Ulipiga kelele. Nikajua ni zuri."

Nikakumbuka ngazi za ngome na nilivyomfokea. Nilitaka kumwomba msamaha. Alinyoosha mkono, akanipata kwenye mkono wa koti, akanivuta kidogo.

"Usilie, bwana. Niambie kweli sasa, maana nimekuwa nikisoma kalenda tu. Mishale bado ni ya dhahabu? Walikuwa na mpango wa kuipaka nyeusi, nilisikia kwenye redio."

Ningeweza kumdanganya. Kalenda ile naijua kwa moyo kama anavyoijua yeye. Lakini tulikuwa tumeshafichana vya kutosha kwa safari moja.

"Siioni, baba."

"Ukungu umerudi?"

"Hapana, kumetakata. Wameufunika mnara. Wanaukarabati. Ni mabomba na wavu wa kijani, chini hadi juu."

"Wote?"

"Wote. Jogoo wamemtia guniani."

Niliuona uso wake ukikunjamana na nikaogopa nimemvunja. Kumbe kilikuwa kicheko. Kilimtoka taratibu, kikamtikisa mabega, kikamtoa machozi, hadi mwenye mkahawa akatoka mlangoni kutazama kuna nini.

"Jogoo guniani!" alisema, akijifuta kwa skafu yangu. "Kwa hiyo hata wewe hujauona."

"Hata mimi."

Dereva alipiga honi kutoka kwenye maegesho, mara moja, kwa adabu. Upande wa mlimani wingu lilikuwa limeshaanza kuteremka, na tone la kwanza likaniangukia mkononi. Nilijua barabara itafungwa lini. Nilijua kila dakika.

Baba alipapasa benchi kando yake.

"Basi kaa hapa," alisema. "Kaa nikuonyeshe."

Nikakaa.