Bastola Isiyo na Bolti

Ng'ombe wa Khaemba alikuwa ametumbukia mtaroni akavunjika mguu wa mbele, mfupa ukatokeza nje, mweupe kama muhogo uliomenywa. Phelista hakumpa mnyama pole. Alipiga magoti matopeni, akavuta bolti ya bastola yake, akaingiza risasi moja, akaifunga. Kisha akapima kwa macho: kutoka jicho la kushoto hadi pembe ya kulia, kutoka jicho la kulia hadi pembe ya kushoto, na pale mistari inapopishana, pale pale. Ta! Ng'ombe akalala.

"Hako kabunduki ni ka panya, bana," alicheka Mbugua, mchinjaji aliyekuwa akinoa visu vyake kando.

"Basi inama nikupime nako," Phelista akamjibu. "Kichwa chako na cha panya sioni tofauti."

Khaemba, jirani yake, akacheka hadi akasahau kuwa ng'ombe alikuwa wake.

Kabunduki kenyewe Phelista alikanunua kwa Mzungu mmoja wa Kitale aliyeuza shamba lake na kurudi kwao. Leseni alikuwa nayo, na diploma ya mifugo pia, na Kiminini nzima ilijua pa kukimbilia mnyama akivunjika. Haikuwa bastola ya kurusha risasi mfululizo. Kila risasi ilitaka mkono wake: vuta bolti nyuma, ganda liruke, tia nyingine, sukuma, kunja chini. Bolti hiyo ni kichuma kama komeo la mlango, kinafunga mtutu kwa nyuma, na ndani yake mna pini ya kugonga ukingo wa risasi. Bila bolti, bastola ni bomba tu. Kwa hiyo Phelista alipomaliza kazi aliichomoa kila mara. Bastola ililala kabatini chini ya mablanketi, bolti ikalala kwingine. Mwaka ule huko mlimani kulikuwa na mapigano, na watu walikuwa wakitafuta bunduki kuliko walivyotafuta mahindi, naye hakutaka kumlisha mtu.

Aliporudi nyumbani mvua ya alasiri ilikuwa imeanza. Aliweka bastola kabatini, kando ya pakiti ya risasi. Bolti na risasi chache zilizobaki zilikuwa bado mfukoni mwa dastikoti yake, koti la kazi, maana kelele za sufuria zilimvuta jikoni. Nanyama, binti yake, alikuwa akisugua vyombo kana kwamba vimemtukana. Mkufu wa damu iliyovilia ulikuwa bado shingoni mwake, pale mumewe Wabwile alipomkaba.

"Nitarudi Myanga, Mama," alisema bila kugeuka.

"Kufanya nini? Kumalizia kufa?"

"Wekoye yuko kule. Ana miaka mitatu tu. Wabwile amesema nisiporudi sitamwona tena."

"Mtoto tutamchukua kwa chifu, kwa kanisa, kwa korti, popote. Lakini wewe hurudi."

"Si mtoto wako anayelia usiku akiniita."

Phelista alifungua kinywa ajibu, na mlango wa mbele ukapigwa teke.

Walikuwa watatu, kila mmoja amejivika kichwani gunia la plastiki lenye matundu ya macho. Wa kwanza, mrefu, alikuwa na panga. Wa pili, mnene, alikuwa na rungu. Wa tatu alibaki barazani. Mnene alimkamata Nanyama nywele akamburuta sebuleni, akamtupa juu ya meza. Phelista alipomrukia alipigwa ngumi, meno yakagongana, damu ikamjaa kinywani.

"Mama, hatuna maneno mingi," alisema mrefu. "Bunduki."

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akafungua kabati, akatupa mablanketi, akarudi na bastola mkononi na pakiti ya risasi mfukoni. Hakupapasa popote pengine. Phelista alitema damu na kujiuliza nani kamwonyesha.

Mrefu aliigeuza bastola huku na huku, akachungulia ndani ya mtutu akaona mwanga upande wa pili.

"Hii ni nini? Imetoboka! Mahali ya kufunga iko wapi?"

"Nimepeleka kwa fundi, Kitale."

"Ati fundi." Aliushika mkono wa kulia wa Nanyama, akaulaza mezani, akashusha mgongo wa panga juu ya vidole. Vilivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Nanyama alipiga yowe, na mvua juu ya mabati ikalimeza. "Fundi yupi, Mama? Mtaje jina."

Mrefu akampigia kelele yule wa barazani. "Wewe! Ingia ushike huyu mzee!"

Wa tatu hakuingia.

"Ingia, mjinga! Unaogea huko?"

Akatikisa kichwa tu. Alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, maji ya paa yakimshukia mabegani, mgongo wake umeelekea mlangoni, na hata alipoitwa aligeuza bega akakataa kugeuza uso.

Hapo Phelista akajua. Kwao Bungoma, kwa Wabukusu, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe wake usoni, hampi mkono, wala hakanyagi nyumba anamolala. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mwingine apite. Wabwile alikuwa amelewa, amempiga mkewe, ameuza siri ya nyumba kwa majambazi. Yote hayo alikuwa ameyaweza. Kizingiti cha mama mkwe kilimshinda.

Phelista aliinamisha kichwa haraka. Mwenye kumjua jambazi haachwi hai. *Usitazame nje, mwanangu,* aliomba moyoni. *Tazama meza. Tazama vidole vyako.*

Lakini Nanyama alikuwa ameinua uso akitafuta pumzi, na mlango ulikuwa wazi mbele yake. Mgongo ule alikuwa ameufulia mashati miaka yote ya ndoa.

"Wabwile?"

Mnene alimtazama mrefu. Mrefu akavua gunia lake polepole, kwani halikuwa na kazi tena. Alikuwa kijana wa uso mzuri tu.

"Umesikia bibi yako?" aliita nje. "Amekutaja. Wewe umeharibu kazi, wewe utaimaliza."

"Siwezi kuingia," sauti ya Wabwile ilisema. "Huyo ni mama mkwe."

"Ooh! Kuua unaweza, kuingia huwezi? Wabukusu nyinyi!" Mrefu alicheka, kisha akayaweka makali ya panga kwenye shingo ya Nanyama, juu ya ule mkufu wa damu. "Mama. Hicho chuma. Sasa hivi."

"Ninacho," alisema Phelista. "Kiko mfukoni."

"Toa. Kiweke mwenyewe nione inafanya."

Akamtupia bastola. Hakuona hatari: risasi alikuwa nazo yeye. Phelista alitia mkono mfukoni, akaitoa bolti, na katikati ya vidole vyake, imefichwa na kiganja, risasi moja.

"Haiingii hivi hivi," alimweleza, kama anayemfundisha mwanafunzi mzito. "Lazima nivute kifyatulio ndipo ipite. Usishtuke."

"Fanya haraka."

Alivuta kifyatulio, bolti ikateleza ndani. Akaivuta nyuma tena, dole gumba likaisukuma risasi mahali pake, akafunga, akakunja chini. Risasi ya bunduki ile ilikuwa ndogo; ukikosa pahali pake, unamkasirisha mnyama tu. Mtu hana pembe za kupimia. Phelista alipimia katikati ya nyusi.

Ta!

Mrefu alikaa chini kama aliyevutiwa kiti, panga likaanguka pamoja naye.

Rungu la mnene lilimpata Phelista begani. Akasikia mfupa ukiachia, akaanguka juu ya maiti. Aliona rungu likipanda tena. Halikushuka. Nanyama alikuwa ameokota panga kwa mkono wa kushoto, akamkata mnene mkononi, mara moja, tena, tena, kama anayekata miwa asiyoijua. Mnene alimlilia mama yake, akatoka kwa mlango wa jikoni, akatokomea mahindini, mkono ukining'inia.

Phelista alisimama. Bega la kushoto halikuwa lake tena. Alibana bastola kati ya magoti, akavuta bolti, ganda likaruka, akatia nyingine, akafunga. Akatoka barazani.

Wabwile alikuwa na panga lake. Angeweza kumkata, mwanamke mmoja wa makamo, mkono mmoja umekufa. Badala yake aliinua kiwiko akafunika macho na kurudi nyuma.

"Mama, usinikaribie! Ni mwiko!"

Phelista alimkaribia. Akashuka ngazi, akaingia mvuani, akamfuata hatua kwa hatua, naye akarudi nyuma akiomba, hadi ukuta wa josho la ng'ombe ukamzuia.

"Nitazame," alisema Phelista.

"Siwezi, Mama."

"Mke wako uliweza kumuuza. Nitazame!"

Hakutazama. Phelista alishusha mtutu akampiga juu ya goti. Wabwile alianguka akilia, akalikumbatia paja lake, damu ikichanganyika na maji ya josho. Phelista alivuta bolti tena, akatia risasi, akauelekeza mtutu kichwani.

Nanyama alikuja mvuani, mkono uliovunjika ameufunga kwa kitambaa cha meza.

"Nanyama," Wabwile alilia, "mwambie mama yako. Mtoto wetu. Twende nyumbani, nitabadilika."

"Wekoye yuko na nani?"

"Yuko na mama, Myanga. Twende tu nyumbani."

Nanyama akamgeukia mamake, "Usimuue. Nataka aende kortini akaseme alichofanya, mtoto akikua asiniulize mimi."

Khaemba alikuwa ameshafika getini na Mbugua, visu mkononi, wamesikia mlio wa bastola. Mbugua alichungulia sebuleni, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mfungeni kamba mguu huo juu ya jeraha, kisha mumfunge na mikono," aliagiza Phelista. "Mbugua, ita polisi. Maiti isiguswe." Akachomoa bolti, akampa Mbugua bastola, bolti akampa Khaemba. "Wapeni vyote viwili. Khaemba, kabla hujapumzika, pikapu yako ina mafuta?"

"Iko nayo. Lakini bega lako, Mama Nanyama! Si hospitali kwanza?"

"Hospitali iko Bungoma, njia ya Myanga."

Nanyama alikuwa tayari ameketi mbele, miguu peku, nguo ikichuruzika.

"Myanga kwanza," alisema. "Kabla habari haijamfikia mama yake Wabwile, akamficha mtoto."