Koleo la Sabina Hehir

Hakimu wa mji wa Ennis alimtazama Sabina Hehir kwa huruma, ile huruma ya paka kwa panya, akatamka kwamba mwanamke anayemvunja taya wakala wa mwenye shamba kwa koleo la mekoni ni hatari kwa umma. Kwamba wakala alikuja kubomoa nyumba mama yake Sabina akiwa mgonjwa kitandani, hilo halikumsumbua hakimu. Hukumu: miaka kumi ya kifungo, ng'ambo.

Basi mtu huyo hatari akapakiwa melini, akatapika njia nzima hadi kisiwa cha Van Diemen, koloni la wafungwa upande wa pili wa dunia. Huko serikali, kwa akili zake nyingi, ikampeleka atumikie kifungo kwa kupika nyumbani kwa Bwana Thorold mjini Hobart, kwenye watoto wadogo na visu vikali.

Bi Thorold akavificha visu chini ya godoro.

"Mama, viazi nimenye kwa meno?" Sabina akauliza.

"Tumia kijiko."

"Na nyama?"

"Ichemshe mpaka iachane yenyewe."

Familia ya kistaarabu ikala uji wa kondoo.

Jumapili moja Bwana Thorold, mcha Mungu sana, alitoka kanisani akapitia kilabuni. Kufika mezani akasema supu ni maji matupu, akamzaba mkewe kofi mbele ya watoto. Sabina akatua bakuli, akasimama kati yao mikono mitupu.

"Bwana, unajua nililetwa huku kwa kosa gani?"

"Unanitisha, mfungwa we?"

"Mie? Nauliza tu. Wakala wa kwetu naye alikuwa na kidevu kizuri kama chako."

Bwana akakishika kidevu, akakumbuka ana shughuli bandarini.

Kesho yake akataka Sabina arudishwe gerezani. Bi Thorold, ambaye tangu aolewe hajawahi kumkatalia mumewe hata chumvi, akasema, "Akienda, nami naenda na wanangu kwa kaka. Na nitamweleza sababu."

Kaka huyo ndiye aliyekuwa tajiri aliyemwajiri Bwana Thorold. Mjadala ukaishia hapo.

Baadaye mama mwenye nyumba akashuka jikoni. "Uliogopa ulipompiga yule wakala?"

"Baadaye. Wakati ule nilikuwa namsikia mama akikohoa mvuani, paa limeshabomolewa."

"Yu hai?"

"Sijui. Meli haikunisubiri nijue."

Bi Thorold akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

Sabina alimalizia kifungo chake palepale, bila kuvunja hata kikombe. Wachumba hawakukosekana. Akamchagua mwashi mpole kutoka Galway, jirani na kwao, wakahamia bondeni kufuga mbuzi. Habari za mama yake hazikufika kamwe.