Dirisha Lenye Chongo

Jirani Hiltje hakumsubiri hata Gerbrich ashuke kwenye baiskeli.

"Dirisha la baba yako lina chongo," alisema, ufagio mkononi. "Chungu kimoja huku, kule patupu. Miezi mitano sasa. Wapita njia wanageuza shingo."

"Na wewe unazihesabu."

"Nina kazi gani nyingine? Mwambie."

Mtaani pale kila dirisha lilikuwa na vitu viwiliviwili: taa mbili, bata wawili wa udongo, vyungu viwili vya maua, kimoja huku na kingine kule, pazia wazi mchana kutwa. Marehemu Aukje, mama yake Gerbrich, alikuwa na vyungu viwili vya bluu na nyeupe, na alivipanga kwa rula.

Lakini Gerbrich hakuja kwa ajili ya chungu. Alikuja kwa ajili ya Jumamosi. Siku hiyo baba yake, Durk, angetimiza miaka sabini na mitano, na jana alikuwa amesema kwenye simu kwamba mwaka huu asije mtu. "Watakaa wapi?" aliuliza, kama vile nyumba haina sebule. Tangu mkewe afe mzee aliishi jikoni. Alikula jikoni, alisoma gazeti jikoni, alisinzia jikoni juu ya kiti cha mbao. Sebule aliipita haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemwamini. Gerbrich aliogopa jambo moja tu: mtu akifunga sebule mwaka huu, mwakani atafunga mlango wa mbele.

Kazi yake ilikuwa kupanga vyumba vya maonyesho katika duka la samani, kwa hiyo alijua kuwa jicho nalo lina mizani yake. Kabati jeusi ni zito hata likiwa tupu. Kitu kidogo chenye kung'aa, ukikisogeza mbali na katikati, kinaweza kulikabili kabati hilo, kama mtoto aliyekaa ncha kabisa ya ubao wa bembea ya kupanda na kushuka. Alisimama mlangoni mwa sebule, akafinya macho mpaka vitu vikabaki mabaka ya giza na mwanga. Chumba chote kilikuwa kimeelemea kulia. Kabati la mwaloni, saa ya ukutani, sofa, kochi la mzee, vyote huko. Kushoto, karibu na dirisha, palikuwa na zulia tupu lenye vishimo vinne. Hapo ndipo kilipokuwa kitanda cha wagonjwa. Aukje alikilalia wiki kumi na moja, na siku ya pili baada ya mazishi wenyewe walikuja kukichukua.

"Sofa linakwenda kushoto," Gerbrich alimwambia baba yake. "Shika huko."

"Mgongo wangu."

"Mgongo wako mzima. Juzi Hiltje amekuona na gunia la viazi."

Walisukuma. Sofa likafunika vishimo vyote vinne. Gerbrich akarudi mlangoni, akafinya macho, akaridhika.

"Vizuri," alisema Durk.

"Basi kaa."

"Nina maji yanachemka." Akaenda zake jikoni, ambako hakuna maji yaliyokuwa yakichemka.

Chungu cha pili Gerbrich alikikuta chini ya sinki, kimejaa burashi za viatu. Alikiosha, akakiweka upande wa kushoto wa ubao wa dirishani, kisha akaenda kuazima viti kwa Hiltje. Aliporudi, chungu hakipo. Kilikuwa chini ya sinki na burashi zake. Akakirudisha. Akapanda ghorofani kutafuta picha ya kutundika. Aliposhuka alimkuta baba yake katikati ya sebule, amekikumbatia chungu kifuani kama mtoto mchanga.

"Baba, kumbe hicho chungu hakitembei chenyewe."

"Kinaziba."

"Kinaziba nini? Dirisha lote hili?"

Durk alitazama viatu vyake, kisha akaonyesha kwa kidevu. "Lala kwenye sofa."

"Nina kazi, Baba."

"Lala. Kichwa upande wa ukutani."

Gerbrich akavua viatu, akalala. Mzee akaweka chungu dirishani, na Gerbrich akaona chungu. Mzee akakiondoa. Palepale kilipokuwa, pakatokea mgongo wa daraja, uzio wake mweupe, na mtu mmoja anapanda kwa baiskeli huku koti limejaa upepo.

"Mama yako ndiye aliyesema kitolewe," alisema Durk. "Kila asubuhi nilikwenda kuchukua mkate. Nikirudi, nikifika tu juu ya daraja, ananiona. Basi anafanya hivi." Akajigonga utosini kwa vidole viwili.

"Kofia."

"Kofia. Mtu maji tu yanamshinda kumeza, lakini kichwa changu wazi anakiona toka darajani."

"Sasa si ungeivaa tu?"

"Nilikuwa nayo. Nilikuwa naivua kabla ya kupanda daraja, naitia mfukoni." Akakizungusha chungu mikononi. "Ili agombe. Siku aliyoacha kugomba, nilijua."

Gerbrich aliendelea kulala, kwa sababu angeinuka angelia, naye hakuwa mtu wa kulia na kazi haijaisha. Alitazama lile pengo. Jua la saa tano lilikuwa linaingia kupitia hapo bila kizuizi, linaangukia mgongo wa sofa la kahawia na kufia hapo. Alikuwa amechukua jua hilo, kitu chenye kung'aa kuliko vyote chumbani, akalifunika kwa sofa. Miaka kumi na tisa ya kazi, akajiambia, na bado mjinga.

"Inuka tulirudishe," alisema, ingawa aliyelala ni yeye.

"Mgongo wangu."

"Nimeshausikia."

Sofa likarudi kulia. Lile kochi la mzee wakalivuta mpaka kushoto, miguu yake kandokando ya vile vishimo, uso wake kuelekea darajani. Juu ya mkono wa kochi Gerbrich akatupia blanketi la manjano la mama yake. Zulia likapata jua. Chungu cha pili kilirudi kwa burashi zake. Kisha akasimama mlangoni.

"Imekaa?" aliuliza Durk.

"Bado. Kushoto kunapwaya."

"Weka kitu kingine."

"Kaa hapo kwenye kochi, nikuone."

Mzee akalizunguka kochi mara moja. Akalishika mgongoni. Akakaa polepole, kama anayeingia kwenye maji asiyojua yana baridi kiasi gani. Gerbrich akafinya macho. Kulia, giza la kabati, sofa na saa. Ncha ya kushoto, manjano kidogo na kichwa kimoja cheupe kwenye jua. Vikakaa sawa.

"Usiinuke," alisema.

"Mpaka lini?"

"Ukiinuka, chumba kinapinduka."

"Uongo."

"Nimesomea, Baba. Nina cheti."

Hakuinuka. Gerbrich alitengeneza kahawa, akamletea hukohuko na kipande cha mkate wa sukari. Alikula akitazama nje, makombo yakidondokea blanketi, na kwa mara ya kwanza Gerbrich hakuyapangusa.

"Hiltje naye anakuja Jumamosi?" aliuliza mzee.

"Ametuazima viti sita."

"Basi atasema dirisha lina chongo."

"Ameshasema."

"Aseme." Akanywa kahawa. "Mwambie alete na vikombe."

Jumamosi kulikuwa na upepo wa kung'oa vigae. Gerbrich alikuja na keki imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Daraja linapoanzia alisimama. Aliivua ile kofia, akaitia mfukoni, akapanda.

Juu ya mgongo wa daraja alipunguza mwendo. Ng'ambo ya maji lilionekana dirisha lao, chungu kimoja upande mmoja na pengo upande wa pili, na ndani ya pengo uso. Uso ukasogea karibu na kioo. Kisha mkono ukainuka, vidole viwili vikagonga utosi, mara mbili, kwa hasira.