Shingo Isiyotaka Kusamehewa

Shaame wa Makunduchi aliapa kwamba dada yake Mwatum haolewi na mimi mpaka ugomvi wetu uishe. Ugomvi wenyewe: mbele ya watu nilimwita ng'ombe wake mbuzi aliyepandishwa cheo. Kwao hukumu inajulikana. Siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, wagomvi hupigana kwa mabua ya migomba. Ukishapigwa, kinyongo kwisha, mnakwenda kula.

Basi nami, msomi wa sekondari wa miaka ile ya hamsini, nikaingia uwanjani tayari kupigwa kwa heshima. Shaame akainua bua. Likaja. Shingo yangu ikainama, bua likapita na upepo wake.

"Simama, mtu wa mjini!"

"Nnasimama!"

Likaja jengine. Nikainama tena. Wanawake wakacheka, hata Mwatum, niliyetarajia anionee huruma, alikuwa amejishika mbavu.

"Bwana Shaame, si mimi," nikamwambia. "Ni neva. Habari inatoka machoni, inafika mwisho wa neva, inakuta mwanya. Hapo inamwagika dawa kidogo, neva ya ng'ambo inaipokea, inapeleka mbele, hivyo hivyo mpaka shingoni. Yote hayo mie sijaulizwa!"

"Mwanya mkubwa kiasi gani?"

"Jicho halioni. Wataalamu wameuona juzijuzi tu, kwa darubini mpya."

"Na wewe mwenye shingo huwezi kuizuia hiyo dawa?"

Swali zuri. Mwalimu wetu hakulifikia. Nikaiamuru shingo, kwa Kiswahili fasaha, itulie. Ikanisikiliza kama paka anavyosikiliza hotuba. Bua likapita tena.

Shaame akalitupa chini. "Basi. Hujapigwa, hujasamehewa. Mpaka mwakani."

Mwakani! Mwatum akaacha kucheka. Akanitazama kama mtu aliyenunua taa, akaikuta haina utambi.

Hapo ndipo elimu yangu ilipozinduka, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Habari isipoondoka machoni, huko kwenye mwanya itavuka nini?

"Bwana Shaame! Moja tu, tafadhali."

Nikafumba macho. Neva zangu zote zikakaa kimya zikingoja habari. Habari ikaja, ila ilipitia mgongoni, na mimi nikapitia mchangani, kifudifudi.

"Umeisikia?" Shaame akauliza, akinivuta mkono.

"Imevuka mianya yote."

"Haya, inuka, shemegi. Wali unapoa."