Mkasi Usioshikwa na Mtu

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Tunashonea katika chumba cha mbele: mashine yake iko dirishani, yangu mlangoni, na katikati kuna meza ya kukatia. Yeye hupima na kukata. Mimi huunga vipande, hutia vifungo na kupiga mapindo. Mkasi wake haushikwi na mtu, na mke naye ni mtu. Tangu anioe, ruhusa yangu ni kuupangusa vumbi tu.

Basi mikono yake ikaanza kutetemeka. Akasema mkasi umekuwa butu, akaupeleka kunolewa. Ulipokata upogo vilevile, akasema wanoaji wa siku hizi ni wababaishaji. Mimi nikawa naficha ule upogo ndani ya mapindo. Nampenda mtu huyu, lakini kwa ubishi anaweza kubishana na kivuli chake akakishinda.

Kanisani ni mzee wa kanisa. Huombea wagonjwa, wajane na wasafiri, kisha hurudia wagonjwa. Mchungaji akiuliza nani ana haja ya kuombewa, Fundi hugeuka kutafuta mwenye shida. Udhaifu, kwake, ulikuwa maradhi ya majirani.

Ndipo binti yetu akachumbiwa. Shangazi wa bwana harusi akaleta kitambaa cha gauni, satini nyeupe, kipande cha mwisho dukani. Mkasi ukiteleza mara moja, hakuna kingine. Nikauliza kama tungempa fundi mwingine akate. Fundi akasema mwanawe hataolewa amevaa gauni lililokatwa na mkono wa mgeni, akatoka nje bila kumaliza chai. Nilijua anaogopa. Mimi pia niliogopa, maana binti alikuwa akija kukipapasa kile kitambaa kila jioni, akicheka peke yake.

Siku ya kukata nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amesimama mbele ya meza, satini imetandazwa, mistari ya chaki imeshachorwa, jasho linamtoka.

"Umekikata?" nikauliza.

"Bado. Nimejaribu kwanza kwa shuka."

Shuka lilikuwa chini ya meza, yaani mabaki yake, kama limetafunwa na mbuzi. Tena lilikuwa lile shuka langu zuri la wageni. Nilitaka kugomba, kisha nikamtazama usoni na hasira ikaniishia yote. Nikamwambia taratibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

"Wewe unaombea watu wote," nikasema. "Nani anakuombea wewe?"

Alikaa kwenye kigoda changu, akafumba macho.

"Bwana, siwezi," akasema. "Nilidhani naweza, na kumbe siwezi. Nisaidie."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akisema siwezi. Machozi yakanitoka. Alipofumbua macho tuliiangalia mikono yake sote wawili, tukingoja. Ilikuwa inatetemeka vilevile. Nakiri kwamba kwa dakika moja nilimnunia Mungu.

Fundi akachukua mkasi, akaugeuza, akanielekezea mpini.

"Nimeomba nguvu," akasema. "Kumbe Mungu alishaziweka upande wa pili wa meza."

Nikamwambia asinitanie, mimi sijawahi kukata hata leso.

"Tangu mwaka jana unaficha makosa yangu kwenye mapindo," akasema. "Unadhani sikuona? Niliona, mama watoto. Nilishindwa tu kusema asante."

Nikaupokea mkasi. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiria, na sasa mikono iliyotetemeka ikawa yangu. Fundi akaja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, nikausikia ukitikisika huku akiniombea kwa sauti ya chini. Nikausogeza mkasi hadi kwenye mstari wa chaki, nikakata.