Zamu ya Kumgusa Lemuel Pruitt

...na mjane naye amemgusa na hakuna kilichotoka, ameweka vidole viwili tu kwenye paji la uso la mumewe, akaviondoa upesi, akavifuta kwenye aproni, na Bwana Hightower amesema haya, anayefuata, kwa sauti ile ile anayouzia misumari, maana mchunguzi wa vifo wa kaunti hii ni mwenye duka, kuhusu maiti hajui lolote, ila ndiye waliyemchagua, na ndiye aliyeamuru jana kwamba kila mtu aliyeonekana karibu na shamba la Pruitt aje hapa ghalani apange foleni amguse marehemu, kama babu zao walivyofanya, kwa sababu aliyeuawa akiguswa na muuaji wake hutoa damu, kila mtu anajua hilo, Asa alilijua kabla hajajua kufunga viatu vyake, mama aliwasimulia yeye na Wiley jikoni, akikoroga uji wa mahindi, habari za mwanamke wa ng'ambo ya kijito aliyemzamisha mwanawe, alipomgusa damu ikaruka mpaka kwenye kola yake, na Wiley akacheka, na Asa akakojoa kitandani... na sasa mbele yake amebaki Wiley peke yake, kaka yake, na mbele ya Wiley ni ule mlango wa zizi waliouweka juu ya mapipa, na juu ya mlango ni Lemuel, ana siku mbili katika joto hili la Julai, tumbo limepanda, nzi wanatembea kwenye midomo yake kama wamelipia nauli, na hakuna anayewafukuza, hata mjane hawafukuzi, Lemuel hakupendwa, hilo nalo kila mtu analijua, hawakuja kwa ajili ya Lemuel, wamekuja kwa ajili ya Prince.

Prince yuko nyuma ya Asa, mgongoni kabisa, Asa anasikia pumzi yake, amefungwa mikono kwa kamba ya nyumbu wake mwenyewe, kosa lake ni kwamba alipita njiani jioni ile na ni mweusi, miaka kumi na tatu tangu vita vilivyokomesha utumwa viishe na bado hiyo inatosha, na wamemweka wa mwisho makusudi, kama watu wanavyoweka kitamu mwisho wa mlo, nje chini ya mforosadi wamekwisha kuleta gari la kukokotwa na kamba iko tawini, wanawake wamekuja na vikapu vya kuku wa kukaanga, na mwanamume mmoja mlangoni anatafuna tumbaku na kusema, Prince, leo utacheza dansi, na fidla hatukuleta, watu wanacheka, na Prince anasema ndiyo, bosi, kwa sauti ndogo, na Asa naye amecheka, amejisikia akicheka, kwa nini acheke... kwa sababu Prince akiguswa na kamba ile kila kitu kitakwisha, hilo ndilo analolitaka, hana haja ya kujidanganya, tangu juzi analitaka kuliko chakula, ila Hightower na foleni yake, Asa kabla ya Prince, mkono wa Asa kabla ya mkono wa Prince, na damu itatoka, Asa anajua itatoka, itamrukia kwenye kola mbele ya wanawake na kuku wao, mkono huu huu ambao anaufuta kwenye suruali na hauishi kutoa jasho.

Nguruwe jike, ndiyo, kwa ajili ya nguruwe, watu wangecheka, lakini huyo alikuwa wa kwake, amemlea tangu akiwa wa kubebwa kwa mkono mmoja, akamwachia msituni na wenzake kama kila mtu anavyowaachia mpaka baridi ya kuchinjia ifike, na masikio yake yana chale ya nyumba yao, sikio la kushoto limekatwa pembe, la kulia limetobolewa tundu, hakuna nyumba nyingine katika kaunti yenye chale hiyo, baba aliikata hivyo na babu kabla yake, na juzi jioni Asa amemkuta kwenye zizi la Lemuel, masikio yote mawili yamekatwa mpaka kwenye fuvu, vidonda bado vibichi, hakuna chale, hakuna nyumba, na Lemuel ameegemea uzio ananuka pombe kali ya mahindi, anasema, "Muulize mwenyewe, Asa. Kama ni wako, ataitika." Na Lemuel, yule mbwa, akamwita nguruwe, akamwita kwa sauti ya mwanamke, njoo kwa mama, njoo, na mti wa uzio ulikuwa mkononi mwa Asa, hajui aliung'oa lini, akampiga Lemuel nyuma ya sikio alipogeuka kucheka, na akampiga tena akiwa chini, na ile ya pili hakuwa na hasira tena, ile ya pili ilikuwa tamu, hilo ndilo damu itakalolisema, si kwamba Asa aliua, kila mtu anaweza kuua, bali kwamba ilikuwa tamu.

Wiley alikuwa hapo, hatua chache tu, amelala ndani ya banda la mahindi, alikuwa anakunywa na Lemuel tangu mchana, hakusikia lolote, Asa akamwinua na kumbeba begani, na mguu wake ule ulioharibiwa vitani ukigonga gonga gonga kwenye paja la Asa, Wiley akiimba, akitapika, akimpita Lemuel bila kumwona, na asubuhi akauliza, Asa, mbona shati langu lina damu mkononi, na Asa akasema pua yako, kaka, ulianguka, na Wiley akaamini, Wiley huamini kila anachoambiwa na Asa, ni yeye aliyemlea Asa baba yao alipokufa, aliyekula maganda ili Asa ale viazi... "Wiley Mobley," anasema Hightower, na Wiley anasogea, gongo lake la kutembelea linalia kwenye mbao, anamtazama Lemuel, anavua kofia, anasema kwa upole, "Samahani, Lem," na anataka kumgusa kifuani, lakini sakafu hapo ina majani makavu na gongo linateleza, mguu mbovu unakunjika, na Wiley anaangukia kiganja, uzito wake wote, juu ya kifua cha Lemuel.

Na damu inatoka. Inatoka puani na mdomoni pamoja, nyeusi, yenye povu, inateremka shavuni mpaka kwenye mlango wa zizi, na mjane anatoa mlio mwembamba, na mtu wa tumbaku ameacha kutafuna, na ghala zima limerudi nyuma hatua moja, Asa peke yake hakurudi, kwa sababu Asa ameona, ameona kifua kikididimia na damu ikapanda baada ya kudidimia, ametoboa vibofu vya nguruwe kila msimu wa kuchinja tangu utotoni, anajua kitu kilichojaa kinafanya nini kikikandamizwa, si zaidi ya hapo, hakuna mtu ndani ya Lemuel anayejua lolote, hakuna aliye juu ya paa anayetazama, mama na mwanamke wake wa kijitoni, yote uongo, kola safi kabisa, na yule mwoga aliyekaa tumboni mwa Asa siku mbili amenyanyuka akaondoka bila kuaga, Asa anahisi njaa, ajabu, ananusa kuku wa kukaanga kutoka nje na mate yanamjaa... ni kusema tu, Bwana Hightower, amemkandamiza, mtazame, jaribu na wewe, maneno kama hayo hata mtoto angeyasema, na kisha watamgeukia nani, foleni itaendelea, watakandamiza wote, au hawatakandamiza, watakwenda moja kwa moja kwa Prince, au wataanza kuuliza nani alimbeba Wiley nyumbani. Nyuma yake Prince ameacha kupumua, Asa anasikia anavyoacha, mtu anayejifanya hayupo. Mlangoni mmoja ananong'ona, kwa hiyo si Prince, kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali na kukuta soko limefungwa, na mwingine anasema kamba ni kamba.

Wiley hajauondoa mkono wake. Anautazama, kisha anatazama mkono wa shati, pale alipofua na doa halikutoka, na Asa anaona jambo ambalo hakulitarajia, alitarajia Wiley atageuka kusema si mimi, jamani, nilikuwa nimelala, na hapo Asa angelazimika kuwa na uso wa aina fulani, lakini Wiley hasemi hivyo, Wiley ni mtoto wa jiko lile lile, hadithi ile ile, alicheka kwa sababu alikuwa mkubwa, lakini aliisikia, na sasa anatafuta ndani ya kichwa chake usiku ule na hauoni, hauoni kabisa, na badala yake anaona hii damu.

"Asa," anasema, si kwa sauti, kama anayeuliza njia. "Mdogo wangu. Wewe ulinileta nyumbani. Ni mimi?"

Hightower anangoja, kalamu yake ikiwa hewani, watu wote wanangoja, na Asa bado amesimama pale pale alipokuwa, mtu wa pili, mkono bado kwenye suruali, ila umekauka sasa, mkavu kabisa, na anamtazama kaka yake usoni, na anampenda, hilo nalo ni kweli, anampenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na anatafuta neno ambalo si uongo, na analipata upesi mno.

"Ulikuwa umelewa sana, kaka," anasema.

Wiley anatikisa kichwa kukubali, polepole, na kumwambia asante.

"Haya," anasema Hightower. "Anayefuata."