Siki Isiyotiwa Kitu

Nassir Mwakutwaa hakuwa na mke, hakuwa na dada wala shangazi wa kumsemea, hakuwa na jokofu, na mtoto wake wa karibu alikuwa Doha. Hakuwa na subira, ingawa watu wa Msambweni walimsifu kwa subira. Lakini upungufu uliomsumbua kuliko yote mwaka huo ulikuwa wa ulimi. Hakuwa amepata kuonja tembo, pombe ya mnazi, maishani mwake, na kwa hiyo hakuwa na njia ya kujua ni lini tembo limekwisha kuwa siki.

Mwenye kumtia katika shida hiyo alikuwa Bi Twaiba wa Majoreni, mjane wa makamo, aliyekutana naye kwenye foleni ya dawa za presha. Walianza kwa kulalamikia foleni, wakaendelea kwa simu. Siku Nassir alipojikakamua kumwuliza kama angekubali kuposwa, Bi Twaiba alijibu bila kufikiri sana. Alisema amempikia mume mmoja miaka thelathini, akamzika kwa heshima, na wa pili aje na jiko lake.

Mwanamume mwingine angecheka. Nassir alikuwa amefanya kazi katika stoo ya hoteli moja huko Galu mpaka akastaafu, na katika stoo mtu huzoea kuamini kinachosemwa. Alinunua kinu na mchi, akanunua mbuzi ya kukunia nazi, akaanza. Mafuta ya nazi ya kwanza yaliungua yakawa meusi. Bizari aliikaanga mpaka jirani yake Boga, fundi wa cherehani, akatoka nje anakohoa huku ameshika suruali ya mtu. Ukwaju aliupika ukawa mzuri, na pilipili ya kusaga ikawa nzuri kuliko ukwaju. Kila alichotengeneza alikituma Majoreni katika kichupa, na kila mara jibu lilikuja fupi: chumvi imezidi; hii imeiva; hii wape kuku.

Mwisho Bi Twaiba akataja alichokitaka tangu mwanzo. Alitaka achari ya embe kama ya marehemu mama yake, iliyotiwa siki ya tembo la mnazi. Ile ya dukani, alisema, inanuka hospitali. Barua ya posa ije pamoja na chupa ya achari. Ikija peke yake, wasimsumbue.

Hapo ndipo wasiwasi wa Nassir ulipoanza, kwa sababu walii wa Bi Twaiba, mwenye kumwoza, alikuwa kaka yake, Maalim Abdulwahab, mwalimu wa madrasa. Ilisemekana Maalim aliwahi kuinuka kwenye karamu na kuacha pilau inafuka moshi, kisa ameona ukutani kalenda ya kampuni ya bia. Na mtu huyo alikuwa ametuma salamu kwamba, kabla ya kupokea barua yoyote, atakuja mwenyewe kuiona nyumba.

Nassir aliijua sheria. Alikuwa ameisoma ujanani kwa maalim wake, na madhehebu ya pwani nzima ni hayo: tembo likigeuka lenyewe kuwa siki, bila mkono wa mtu kulitia kitu, siki hiyo ni halali na twahara. Likitiwa kitu ili liharakishwe, hata chembe ya chumvi, hata kitunguu, basi halitakasiki. Kwa hiyo tembo lilipaswa kuachwa. Nalo likiachwa, kila siku linapoamka ni kitu kingine, na katikati ya safari yake ni haramu kabisa. Nassir hakuweza kulionja mpaka liwe siki, wala hakuweza kujua limekuwa siki mpaka alionje.

Alitatua jambo hilo kwa Kaingu. Kaingu alikuwa mgema kutoka bara, upande wa Kinango, aliyegema minazi ya shamba la jirani na kuabudu kanisani Jumapili alipoamka mapema. Yeye ndiye aliyeleta tembo lenyewe, yeye ndiye aliyelimimina katika chupa kubwa ya kioo iliyofunikwa kitambaa cha melimeli, na yeye ndiye aliyekuja kila siku kulionja kwa kijiko.

"Bado," alisema. "Bado linaimba."

Kesho yake: "Limenyamaza, lakini halijalala."

"Unaonja vijiko vingapi, Kaingu?"

"Mzee, kazi ya dini haipimwi. Mimi hapa nakufanyia ibada ambayo wewe huiwezi."

Nassir alijizuia kumsifu hata mara moja. Anayejua methali anajua mgema akisifiwa hufanya nini.

Nyumba ikanuka. Mwanzo ilinuka kama hamira, kisha kama kilabu. Nassir alifungua madirisha, akachoma udi, na udi ukafanya nyumba inuke kama kilabu kilichotembelewa na bibi harusi. Msikitini alianza kukaa safu ya nyuma. Boga, ambaye alikuwa amekubali kuipeleka barua ya posa kwa kuwa Nassir hakuwa na ndugu wa kumtuma, alikuja jioni moja akasimama mlangoni bila kuketi.

"Ndugu yangu, watu wanamwona mgema anaingia kwako kila siku na kutoka anafuta midomo. Mimi najua ni siki. Wao hawajui."

"Waambie."

"Nimewaambia. Wamecheka."

Usiku huo Nassir hakupata usingizi. Aliwaza kuimwaga ile chupa na kununua siki ya dukani, kisha akakumbuka ulimi wa Bi Twaiba.

Jumatatu Maalim Abdulwahab alipiga simu. Alikuwa na mkutano Ukunda Alhamisi, na wakati wa kurudi angepita baada ya sala ya adhuhuri. Nassir alisema karibu sana, Maalim, nyumba ni yako, kisha akakata simu na kwenda kuitazama chupa. Utando mweupe ulikuwa umetanda juu kama tui lililopoa. Kaingu alionja akatikisa kichwa. Nassir akamwambia kwamba mgeni anakuja Alhamisi, kwamba chupa ikiwa bado ni tembo siku hiyo basi mgeni atakuta tembo ndani ya nyumba, na habari ya ndoa imekwisha. Alilisema hilo zaidi ya mara moja. Kaingu alimsikiliza kwa huruma, akasema asihofu, mambo yatakuwa.

Embe zilikuwa tayari. Alikuwa amezikata mbichi na maganda yake, akazipaka chumvi na manjano, akazianika juu ya bati mpaka zikajikunja. Uwatu na haradali alikuwa amezikaanga na kuzitwanga. Kilichobaki ni siki tu.

Asubuhi ya Alhamisi Kaingu alichovya kijiko, akatia mdomoni, akakunja uso wote, akatema nje ya mlango.

"Limekufa," alisema. "Siki."

Nassir alisema bismillahi akaonja kwa ncha ya ulimi. Ukali ulimpanda mpaka masikioni. Hapakuwa na utamu, hapakuwa na ule uzito wa kilabu. Kulikuwa na ukali safi na harufu ya mbali ya nazi. Hapo hapo akachuja siki, akazimiminia embe, akatia viungo na pilipili, akakoroga, akaitazama rangi inavyogeuka. Furaha ilimzidi, akasahau methali.

"Kaingu, wewe ni mtu wa maana. Pwani hii hakuna mgema kama wewe."

Kaingu akatabasamu kwa haya. "Si mimi, mzee, ni mama yangu. Nilivyoona una wasiwasi Jumatatu, ulipokwenda kuswali alasiri nikatia pilipili mbuzi sita za kuchoma. Mama hufanya hivyo. Inakwenda mbio."

Nassir aliketi juu ya kinu. Methali ilisema maji. Haikusema pilipili.

Kaingu hakuelewa kosa lake, na alipoelezwa alisikitika kweli, akauliza kama zikitolewa itafaa. Nassir akapekua masimbi yaliyobaki kwenye chujio. Alipata pilipili tano zilizovimba. Ya sita ilikuwa imepasuka, mbegu zake zimekwenda na siki katika embe, na katika embe kulikuwa na pilipili nyingine tele. Hakuna mtu duniani ambaye angejua ipi ni ipi. Alimwomba Kaingu aende zake. Kaingu akaenda akigeuka nyuma kila hatua.

Adhuhuri iliadhiniwa. Nassir aliswali na hakujua aliswali rakaa ngapi, akaswali tena. Alijiambia kwamba yako madhehebu mengine yanayoruhusu. Alijiambia kwamba hakutia yeye, na kwamba hakujua. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini kila alipofika mwisho wa hoja zake alimwona Maalim Abdulwahab anatafuna, naye amekaa mbele yake anajua.

Maalim alifika kabla jasho la Nassir halijakauka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri na macho yasiyokaa mahali pamoja. Baada ya salamu na habari za nyumbani aliinuka akaitazama rafu: mafuta ya nazi yaliyotulia, bizari, ukwaju, pilipili ya kusaga. Alifungua kichupa kimoja kimoja akanusa. Nassir alileta mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga.

"Ile achari iko wapi?" Maalim aliuliza. "Twaiba ameniambia nisirudi bila yake. Amenitisha."

Bakuli lilikuwa pale pale mezani, limefunikwa kawa. Maalim aliliona, akafunua, akanusa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Subhanallah. Hii ni harufu ya jikoni kwa mama," alisema, akachukua kijiko.

Nassir akaweka kiganja juu ya bakuli.

"Maalim, usile."

Maalim alikitazama kile kiganja.

"Siki hii imetiwa pilipili kabla haijageuka. Sikutia mimi, aliyetia alikuwa hajui, na mimi nimejua leo asubuhi nilipokwisha kuimimina. Sina nyingine."

"Nani aliyetia?"

"Mgema."

"Na huyo mgema alikuwa na kazi gani na siki yako?"

"Kuionja. Mimi siijui ladha ya tembo."

Maalim aliweka kijiko chini. Nje jogoo aliwika bila wakati.

"Kwa hiyo tembo limekaa katika nyumba hii."

"Limekaa. Tangu dada yako aliponiambia anataka siki ya mama yenu."

"Nani mwingine anayejua habari ya pilipili?"

"Hakuna."

Maalim alivuta sahani ya mihogo. Alikula kwa chumvi tu, polepole, hakumgusa samaki. Alipomaliza alinawa, akashukuru kwa maneno yanayotosha, akachukua bakora yake. Mlangoni Nassir alijikaza akamwuliza anakwenda na neno gani.

"Barua haijaandikwa," Maalim alijibu. "Sina cha kukubali wala cha kukataa."

Nassir alichimba shimo nyuma ya jiko akamwaga yote, achari na siki iliyobaki, akafukia. Harufu ya haradali ilibaki mikononi hata baada ya sabuni. Jioni simu ililia. Alikuwa Bi Twaiba, na hakuanza kwa salamu.

"Kaka ameniambia habari ya pilipili. Umemwaga?"

"Nimemwaga, Bi Twaiba."

"Yote?"

"Yote."

"Na embe zangu?"

"Na embe."



"Ungenyamaza, ningekula. Na nisingejua mpaka kufa."

"Ndiyo."

"Nami nilikuwa nimekwisha kupika wali wa nazi, nimekaa naingoja." Sauti yake haikuonyesha kama amekasirika au vipi. "Kaka amekula, na juu ya posa hajasema neno. Kwake yeye hiyo si dalili njema, wala si mbaya."

Nassir akamwuliza kama asubiri mpaka apate siki nyingine ndipo aandike. Bi Twaiba akasema yeye hakumwambia asubiri, wala hakumwambia asisubiri, akamtakia usiku mwema.

Alilala macho wazi akiyapima maneno hayo. Akisubiri siki, ataonekana mtii, lakini Maalim anaweza kudhani ameona haya na kujiondoa. Akiandika sasa, amevunja sharti la mwanamke kabla hata ya kumwoa. Kulipopambazuka alikuwa hajapata jibu. Alipata karatasi.

Barua ya kwanza ilisema achari itafuata punde. Aliichana, kwa sababu hakujua kama ni punde. Ya pili ilieleza habari ya pilipili kwa kirefu, naye akaona anajitetea, akaichana. Ya tatu aliianza kwa jina la Mwenyezi Mungu na salamu za heshima, akaomba kwa adabu mkono wa Bi Twaiba kwa mujibu wa sheria na mila, kisha akaongeza mistari hii:

*Sharti la achari sijalitimiza. Tembo jipya nitalichukua leo, na safari hii chupa itakaa chumbani kwangu, mlango umefungwa. Ni lini itakuwa siki sijui, na kuiharakisha siwezi. Ikiwa jibu laweza kuja kabla yake, nitashukuru. Ikiwa ni lazima jibu lingoje siki, nami nitangoja.*

Boga alifika amevaa kanzu na kofia, ananukia marashi. Alipotazama mezani na kuona bahasha peke yake, akauliza iko wapi chupa. Nassir akamwambia hakuna chupa.

"Utanitukanisha Majoreni," Boga alisema.

"Huenda."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu wa pwani, haikushika hata alipoilamba. Nassir akakoroga unga kidogo wa muhogo na maji ya moto, akaupaka kwa kidole ukingoni, akaibana bahasha mezani kwa kiganja kizima. Aliuacha mkono juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Boga alikohoa. Nassir akaandika juu yake jina la Maalim Abdulwahab, akaigeuza kutazama kama imeshika, akampa.